MTAMBO UUJUAO UFUNGUO WAKE

Usiku mmoja wa mvua kubwa, katika skimu moja iliyo chini ya Loitokitok, maji ya mlima yaliujaza mfereji mkuu yakaanza kumwagika katika mashamba ya maharagwe. Mimi nilikuwapo, maana nilikuwa nimekwenda mchana kuandika orodha ya mbegu, nikazuiliwa na mvua. Kando ya mfereji palikuwa na mashine ya kuchimba, ile yenye koleo mbele na mkono nyuma, ambayo kikundi cha wakulima kilikuwa kimeikodi kwa kazi ya kuzibua mitaro. Dereva wake alikuwa amekwenda kulala mjini na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Alipigiwa simu mara nyingi wala hakupatikana.

Kilichotakiwa ni kukata ukingo wa udongo mahali pamoja tu, ili maji yarudi korongoni. Kwa majembe ingekuwa kazi ya kutwa. Kwa mtambo ule, ni dakika 10. Wazee walisimama na tochi wakiyatazama maji. Ndipo akaja kijana mmoja, dereva wa mtambo mwingine uliokuwa ukifanya kazi ya barabara. Alitoa ufunguo wa mtambo wake yeye, akautia katika swichi ya mtambo wetu, akaugeuza, nao ukawaka mara moja. Kabla ya saa nane za usiku maji yalikuwa yamerudi korongoni, na maharagwe yaliyoharibika hayakufika robo ya ekari.

Watu walimshukuru sana kijana yule, na mama mmoja akampikia chai. Mimi pia nilimshukuru. Lakini kulipokucha mzee mmoja aliniita kando akaniuliza, “Karani, wewe ni mtu uliyesoma. Ikiwa ufunguo wa mtambo wa barabara huwasha na huu wetu, basi huu tunaoulinda ni wa nini?”

Siku ile sikuwa na jibu, Mzee. Nimeuliza mafundi, nimesoma, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata. Yawahusu wote wanaokodi mitambo kwa kuchimba mabwawa na mitaro, na zaidi vikundi vinavyofikiri kununua trekta au mtambo wa kuchimba kwa shirika.

UFUNGUO MMOJA, MITAMBO MINGI

Ufunguo wa nyumba yako una meno yake. Jirani akinunua kufuli dukani Kimana, yaelekea ufunguo wake hautafungua mlango wako. Kwa mitambo mizito sivyo. Kwa miaka mingi watengenezaji wakubwa, kama Caterpillar na JCB, wameuza mitambo yao mingi ikiwa na ufunguo wa namna moja. Mwenye ufunguo wa mtambo mmoja aweza kuwasha mwingine wa jina lile lile, uwe Kitengela au uwe ng'ambo ya bahari, na funguo hizo huuzwa waziwazi kwa bei ndogo. Matrekta mengi ya zamani ni vivyo hivyo. Wengi wetu tumepata kuona Massey Ferguson likiwashwa kwa ufunguo wa jirani, na hakuna aliyeshangaa.

Jambo hilo halikufanywa kwa uzembe. Mkandarasi mwenye mitambo 20 ana madereva wanaobadilishana zamu, na funguo huanguka matopeni. Kama kila mtambo ungekuwa na ufunguo wake peke yake, kazi ingelala kila juma kwa kutafuta ufunguo. Tena hapo kale hapakuwa na haja ya kuhofu. Katika ule mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Waingereza walileta matingatinga yaliyobaki baada ya vita kuu. Tingatinga kubwa la siku hizo liliwashwa kwanza kwa injini ndogo ya petroli, nayo ndiyo iliyoizungusha injini kubwa ya dizeli mpaka ikashika. Kazi hiyo ilitaka ujuzi na uvumilivu, na mwizi wa usiku hana vyote viwili.

Leo mtambo wa tani nane huwaka kwa kugeuza mkono. Barabara ya Emali ni ya lami, na lori la kubebea mitambo hupita juu yake usiku bila kuulizwa na mtu. Illasit, ambako ndiko mpakani, ni karibu zaidi nasi kuliko mji wa Kajiado. Sisemi kwamba jirani zetu wa Tarakea ni wezi, hasha. Nasema tu kwamba mtambo ukishavuka, kuutafuta huwa kazi ya serikali mbili.

Na hasara itakuwa ya nani? Katika karatasi za kukodi mitambo nilizopata kuletewa afisini nizisome, zaidi ya moja ilikuwa na sharti kwamba mtambo ukilala shambani kwa mwenye kukodi, ulinzi wake ni juu yake. Watu hutia sahihi bila kuliona, maana limeandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa Kiingereza. Mtu mwenye ekari mbili za vitunguu atalipa nini mtambo wa mamilioni ya shilingi? Hata kama hatadaiwa, msimu wake umepotea, kwa sababu mvua haimngoji mtu apate mtambo mwingine.

PUNJE NDOGO NDANI YA UFUNGUO

Katika magari madogo jambo hili limekwisha kutengenezwa zamani. Tangu mwezi wa Oktoba 1998 magari madogo mapya ya nchi za Umoja wa Ulaya yalitakiwa kwa sheria yawe na kizuizi cha injini, ambacho mafundi hukiita imobilaiza, na watengenezaji wa nchi nyingine wakafuata. Sheria hiyo haikuigusa mitambo ya ujenzi wala matrekta. Ndiyo maana gari dogo la mwalimu wa shule laweza kuwa na kinga kuliko katapila linalochimba bwawa.

Kizuizi hicho hufanya kazi hivi. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kipande kidogo mfano wa punje ya mchele. Hakina betri. Kuizunguka swichi ya mtambo mna waya mwembamba uliosokotwa kama pete. Unapotia ufunguo, pete ile hutoa nguvu ya sumaku inayocheza mara 125,000 kwa sekunde moja au karibu na hapo, na nguvu hiyo huamsha umeme kidogo ndani ya punje. Punje ikiamka, hujibu kwa mawimbi yale yale, bila waya wowote kati yake na mtambo. Hujitaja jina, yaani namba yake. Kompyuta ya mtambo hulitafuta jina hilo katika orodha yake. Likiwamo, hutoa ruhusa: stata izunguke na dizeli iingie. Lisipokuwamo, waweza kugeuza ufunguo mpaka asubuhi.

Mfugaji ataelewa upesi. Jioni ndama wakifunguliwa bomani, mgeni huona wote ni sawa, hasa wakiwa wa rangi moja. Lakini mama yao hunusa kwanza. Ndama asiye wake humsukuma kando na maziwa huyazuia. Mtambo wenye punje huyazuia mafuta vivyo hivyo, ingawa meno ya ufunguo ni yale yale ya mitambo yote.

Jina peke yake halitoshi, lakini. Mtu akiwa na chombo cha kusikiliza mawimbi aweza kulinasa jina lile, akatengeneza punje nyingine yenye kulitaja. Funguo za kwanza zilikuwa na udhaifu huo. Kwa hiyo funguo bora za sasa hazitaji jina tu, bali mtambo huziuliza swali, na kila siku swali ni jingine.

Nilisomea ualimu kabla ya kuingia afisi ya kilimo, basi niruhusu nieleze kwa hesabu. Tuseme mimi na wewe tuna namba yetu ya siri, nayo ni 7. Mimi ni mtambo, wewe ni ufunguo. Nakutajia namba yoyote. Wewe waizidisha kwa 7, wajumlisha 4, kisha waniambia tarakimu ya mwisho tu. Nikisema 12, jumla yako ni 88, nawe wajibu “8”. Mwizi aliyejificha nyuma ya ua amesikia 12 na amesikia 8. Kesho yeye aja, nami nasema 35. Atajibu 8, maana ndilo jibu alilolisikia. Lakini jibu la kweli ni 9, kwa kuwa jumla ni 249. Nitamfukuza. Hajui namba ya siri, na sisi hatukuitaja kamwe.

Hesabu ya ufunguo wa kweli ni ngumu mara nyingi kuliko hiyo, na siri yake ni namba ndefu sana. Urefu huo ni jambo kubwa. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Marekani, pamoja na wenzao wa maabara ya RSA, walionyesha kwamba siri ya ufunguo mmoja uliotumika katika mamilioni ya magari ilikuwa fupi mno. Walikusanya majibu machache, wakaiachia kompyuta kazi ya kujaribu namba moja moja mpaka wakaipata. Tangu hapo watengenezaji waangalifu wametumia siri ndefu zaidi. Muuzaji akikuambia kwamba mtambo una ufunguo wa punje, muulize kama ufunguo huo hutaja namba ile ile siku zote au huulizwa swali jipya kila mara. Akikosa kuelewa swali, mwambie amwite fundi wake.

Caterpillar huuza kinga ya namna hii kwa mitambo yake, na kila ufunguo waweza kuwekewa mipaka: dereva huyu mtambo huu, ule hapana, mchana ndiyo, usiku hapana. JCB nao wana kizuizi cha injini, na mingine huwashwa kwa kubonyeza namba za siri. Lakini mtambo wa mtumba uliofika kwetu baada ya kutumika kwingine miaka 15, usidhani kwamba unayo kinga hiyo kwa sababu tu jina lake ni kubwa.

RIMOTI YA KUBONYEZA

Iko namna ya pili, nayo ni rimoti yenye betri. Wabonyeza ukiwa mbali kidogo, nao mtambo wafungua kizuizi chake. Hii aghalabu huongezwa na mafundi wa mjini katika trekta au mtambo wa zamani.

Hatari yake ni kwamba mawimbi yake huenda mbali. Rimoti za kwanza zilituma neno moja siku zote, na mtu aliyelinasa angeweza kulirudia. Dawa ilipatikana katika Afrika yetu hii. Katika miaka ya 1980 wahandisi wa Afrika Kusini, katika kampuni iliyoitwa Nanoteq, walibuni mtindo wa maneno yanayobadilika uitwao KeeLoq: rimoti na gari huhesabu pamoja, na neno likishatumika halitumiki tena. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani, Microchip Technology, iliununua mtindo huo kwa dola zaidi ya milioni 10, nao ukaenea duniani. Hata huo wataalamu waliufungua baadaye, kati ya mwaka 2007 na 2008. Mambo haya ni kama dawa ya kupe: iliyofanya kazi jana kupe huizoea, na mtaalamu hana budi kutafuta nyingine.

Rimoti za bei rahisi ziko nyingi sokoni, na baadhi yake hutuma neno moja tu kama zile za kale. Vyombo vyote vya mawimbi ya redio katika Kenya hutakiwa viwe vimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwulize muuzaji akuonyeshe hivyo. Akikwepa, nenda duka jingine.

MTAMBO UNAOPIGA SIMU

Namna ya tatu ndiyo inayosemwa sana siku hizi. Katika mtambo hufichwa kisanduku chenye laini ya simu, nacho hupokea habari za setilaiti na kujua mahali kilipo. Mwenye mtambo hutazama simu yake akauona uko wapi, umewaka saa ngapi, umezimwa saa ngapi. Aweza pia kuchora mpaka katika ramani, na mtambo ukiuvuka, simu yake italia. Mtindo huu umekwisha ingia katika kilimo chetu. Kampuni ya Hello Tractor, iliyo na afisi Nairobi, huweka kifaa kama hicho katika matrekta ya kukodisha, mwenye trekta akajua kazi iliyofanyika, na wakulima wakaagiza kulimiwa kwa njia ya simu.

Vifaa vingine huweza pia kuufunga mtambo kutoka mbali. Mfano uliosikika duniani kote ulitokea Ukraine. Mwaka 2022, wakati wa vita, askari wa Urusi walichukua mitambo ya shamba 27 katika duka la John Deere mjini Melitopol, zikiwamo mashine kubwa za kuvuna, thamani yake karibu dola milioni 5. Habari zilizotangazwa mwezi wa Mei mwaka huo zilisema kwamba baadhi yake ilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Chechnya. Wenye duka waliifuata njia yote kwa setilaiti. Ilipofika huko na kutaka kuwashwa, ilikuwa imekwisha kufungwa kutoka mbali.

Wengi waliposikia hayo walifurahi, na mimi nilifurahi. Hata hivyo mkulima mwenye busara atauliza swali la pili: ikiwa mtu aliye mbali aweza kuufunga mtambo ulioibwa, si aweza kuufunga na wangu? Ndiyo, aweza. Mkopo ukichelewa mwezi mmoja, au kompyuta ikakosea, mtambo waweza kulala katikati ya kulima. Wakulima wa Marekani wamelalamika miaka mingi kwamba matrekta yao mapya hayatengenezeki bila kompyuta ya mwenye kiwanda. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa wakulima vyombo na maelezo ya kutengeneza mashine zao wenyewe, nayo ikaanza kutumika Januari 2024. Ikiwa mkulima wa Colorado alihitaji sheria, sisi tusikubali maneno matupu ya muuzaji. Nani aweza kuufunga mtambo, kwa sababu gani, na baada ya kutoa taarifa ya siku ngapi? Na yaandikwe.

Tena kuna jambo la mahali petu. Kisanduku hicho hutegemea mtandao wa simu. Kuna mabonde ya huku ambako simu haishiki, na wenye kukaa Illasit wajua jinsi simu inavyoweza kushika mtandao wa Tanzania mtu akiwa bado upande wa Kenya. Muulize muuzaji kama laini iliyomo yaweza kufanya kazi ng'ambo ya mpaka. Isipoweza, mtambo utanyamaza pale pale utakapohitajiwa kusema.

YASIYOZUILIWA NA UFUNGUO

Ufunguo wa mawimbi hulinda injini tu. Hauzuii mtu kunyonya dizeli, wala kuchukua betri, wala kuuvuta mtambo mzima juu ya lori bila kuuwasha. Kwa hiyo mambo ya zamani yangali yafaa: kufuli la mfuniko wa tangi, mnyororo, koleo kuteremshwa chini mpaka liume udongo, na mlinzi anayelala karibu, si yule anayelala mjini. Mitambo ikiwa zaidi ya mmoja, iegeshwe ikizibana, ule ulio rahisi kuondoka ukiwa ndani.

Alama nazo zina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mtambo una bati la namba ya mtengenezaji, na katika mitambo mipya mingi namba hiyo ni herufi na tarakimu 17. Inakili katika daftari, tena piga picha. Uingereza walianzisha mpango mwaka 2007 uitwao CESAR, ambao mtambo hubandikwa namba inayoonekana na kufichwa alama nyingine zisizoonekana, zote zikiandikwa katika orodha moja ambayo polisi huweza kuiuliza. Mwezi wa Julai 2023 Bunge lao lilipitisha sheria inayompa waziri uwezo wa kuamuru kwamba magari madogo ya shambani ya magurudumu manne yauzwe yakiwa na kizuizi cha injini na alama, na uwezo huo waweza kuenezwa kwa vyombo vingine. Sisi tunayo hati ya gari kutoka NTSA. Kabla ya kununua mtumba, linganisha namba ya hati na namba ya bati kwa macho yako mwenyewe, herufi kwa herufi. Nimewahi kuona watu watano wakitoa fedha na hakuna hata mmoja aliyeinama kulitazama bati.

NANI YUMO KATIKA ORODHA?

Sasa nafika penye jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko yote. Mtambo wa namna ya kale ulikuwa wa yule aliyeushika ufunguo. Mtambo wa namna mpya ni wa yule aliye katika orodha ya kompyuta, hasa yule mwenye ufunguo mkuu ambao huongeza na kufuta majina. Kikundi chaweza kuchanga fedha, kikapokea mtambo kwa sherehe, na ufunguo mkuu ukabaki mfukoni mwa mtu mmoja. Siku akigombana na wenzake, au akifa, au akihamia Kitengela, kikundi kina chuma cha tani nane kisichowaka.

Nalisema hili kwa sababu mashamba yetu ni madogo. Yale maranchi ya vikundi yaliyogawanywa yametuachia kila mtu sehemu yake, nasi tunaolima kwa maji ya mifereji tuna ekari moja, mbili, tatu. Mtambo hatuwezi kuununua ila kwa shirika, na mambo ya shirika huharibikia katika daftari.

Basi siku ya kununua, takeni muuzaji afungue orodha mbele ya kamati, aseme mna funguo ngapi, na zile zisizokuwa mkononi mwenu zifutwe hapo hapo. Mtambo wa mtumba huenda ukawa na jina la dereva wa zamani aliye mji mwingine. Ufunguo mkuu usiwe wa kuendeshea. Ufungwe katika sanduku, na kutolewa kwake kuandikwe na watu wawili. Ikiwa ni wa kubonyeza namba za siri, namba zibadilishwe kila dereva anapoacha kazi. Msiiandike namba hiyo ubavuni mwa mtambo kwa chaki. Mimi nimeiona imeandikwa hivyo.

Na ufunguo ukipotea? Hapa ndipo uchungu ulipo. Ufunguo wa kale ungeununua dukani. Wa punje hutaka fundi mwenye kompyuta ya mtengenezaji, na kutoka Loitokitok mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Mtu wa Kitengela atampata fundi siku ile ile. Wewe wa Rombo au Namelok waweza kungoja juma zima, na juma zima wakati wa kupanda ni mavuno. Kabla ya kutoa fedha, jueni ni nani atakayekuja, kwa bei gani, na kwa siku ngapi.

USIKU ULE TENA

Mzee aliyeniuliza swali hakuridhika nilipomweleza haya yote chini ya mti. Alisema, “Karani, kama mtambo wetu ungekuwa unaujua ufunguo wake, kijana yule angeuwashaje? Maharagwe yangu yangekwenda.”

Ni kweli, Mzee. Kinga inayomzuia mwizi humzuia pia jirani mwema aliyekuja na tochi usiku wa manane. Sikuona njia ya kulikwepa jambo hili, wala mafundi niliowauliza hawakuniambia ipo. Kilichobaki ni kupatana mapema. Nilimwambia kwamba kosa la usiku ule halikuwa meno ya ufunguo. Ni kwamba ufunguo wa pekee ulilala mjini. Mtambo wa punje hukubali funguo nyingi, mradi ziwe katika orodha. Basi mmoja ungekaa kwa dereva, na wa pili katika skimu, kwa mtu anayelala hapo hapo na anayejulikana na wote.

Kikundi kile kilikaa siku mbili kulijadili jambo hilo. Vijana walitaka ufunguo wa pili uwe kwa mwenyekiti. Akina mama walikataa, wakasema mwenyekiti husafiri. Mwishowe walipatana ukae kwa mama mweka hazina, ambaye nyumba yake iko juu ya mfereji na maji yakifurika yeye ndiye wa kwanza kuyasikia. Mkandarasi waliyemkodi msimu uliofuata, ambaye mtambo wake ni wa ufunguo wa punje, alisita kwanza. Kisha aliandika ufunguo wa pili katika orodha kwa muda wa kazi ile tu, akaweka sharti kwamba ukitumika apigiwe simu saa ile ile, na kwamba usishikwe ila na mtu mwenye leseni ya mtambo. Kijana wa barabara ndiye aliyetajwa katika karatasi, kwa jina lake na namba ya leseni yake, na malipo yake kwa usiku mmoja yakaandikwa.

Sharti la ulinzi walilibadili pia: mtambo ukiibwa bila ufunguo wa skimu kutumika, kikundi hakidaiwi. Orodha ya mtambo yenyewe itaonyesha ni ufunguo upi uliouwasha, na kwa saa gani. Mkandarasi aliona ni haki akatia sahihi.

Vikundi vinavyotaka nakala ya mapatano hayo, yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili, vije afisini Loitokitok siku yoyote ya soko. Njoni na namba ya mtambo mkiwa mmeinakili kutoka kwenye bati.